Mshenga Aliyetokea Kwenye Buti

Nianze kwa kukiri kwamba yule mtu mnayemwona kwenye simu zenu, mwenye kanzu nyeupe na koti jeusi, anayetoka kinyumenyume kwenye buti ya gari mbele ya nyumba ya watu, ni mimi. Nimekana mara mbili, mara moja msikitini na mara moja mbele ya mke wangu (ambaye aliitambua kanzu, kwa kuwa ndiye aliyeipiga pasi), lakini sioni tena faida ya kukana, maana kila baridi ikianza hapakosi mtu wa kuituma upya ile video kwenye kundi letu, na kila ikitumwa huongezwa chumvi. Wako wanaosema nilikuwa nimefungiwa humo. Wako wanaosema nilikuwa nimejificha. Heri niisimulie mwenyewe, kisha kila mtu achague pa kucheka.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezaliwa Kibokoni, na wakati huo nilikuwa nimekaa miaka kumi na mbili hapa Annandale, jimbo la Virginia. Kazi yangu ni ya kompyuta katika ofisi moja ya mji wa jirani, Falls Church, kazi ya kukaa kutwa, na tumbo langu ni shahidi. Miaka mitatu iliyopita Nasri, mtoto wa shangazi yangu Rukia, alimpenda msichana wa Upper Marlboro, ng'ambo ya mto Potomac, aitwaye Zaina, binti wa Mzee Athumani, mtu wa Tanga aliyefanya kazi katika ofisi za kaunti mpaka akastaafu, na ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hana mchezo. Kwetu kijana haendi kujiposea. Babake Nasri alikwisha kufariki, kwa hiyo ikaamuliwa twende watu watatu: shangazi yangu mwenyewe kama mama wa kijana, Mzee Haroub, Mzanzibari wa miaka sabini na kitu ambaye sisi wote huku tumemfanya baba, na mimi kama mshenga. Mshenga ndiye ulimi wa msafara. Wenzake hukaa kimya kwa heshima zao, yeye akapanga maneno, akabisha hodi kwa mafumbo, akaomba kilicholeta safari. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu wiki nzima nikiwa njiani kwenda kazini, mpaka dereva wa gari la pembeni akadhani nagombana na mtu.

Na nilihitaji kuyapanga vizuri kweli, kwa sababu Shangazi hakuwa na raha na posa ile. Hakuwa amemwona Zaina hata siku moja. Alichojua ni kwamba amezaliwa huku, na kwa Shangazi mtoto aliyezaliwa huku ni yule unayemuuliza kwa Kiswahili kama ameshiba akakujibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu. Alitaka Nasri aoe nyumbani. Alikubali kwenda, lakini alinambia wazi kwamba anakwenda kuangalia, na kwamba akiona jambo moja tu lisilompendeza atanikanyaga mguu, nami nigeuze maneno, niseme tumekuja kujuliana hali.

Sasa gari. Wiki ile theluji ilikuwa imeanguka mara mbili, barabara zote zimemwagwa chumvi, na gari langu (lile la familia, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu) lilikuwa limegeuka rangi, jeupe la ukungu kuanzia magurudumu mpaka vioo, kama gari lililotoka kwenye kinu cha unga. Posa ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Ijumaa nilipotoka kazini jua lilikuwa limejitokeza kidogo, nikajiambia kwamba mshenga hawezi kufika kwa watu na gari la namna hii, nikaamua nilioshe. Uamuzi mdogo, wa dakika moja, na mengine yote yalifuata humo.

Nilikwenda pale pa kujioshea mwenyewe, unapopewa bomba la maji ya nguvu, na kwa kuwa mimi nikifanya kitu hupenda kukikamilisha, nikafungua milango yote minne nikaosha mpaka kingo za ndani, mipira ya milango, bawaba, komeo, kila penye chumvi nikapapiga maji mpaka pakang'aa. Kisha nikafunga milango, nikaenda zangu nyumbani nimeridhika.

Nilipopaki, jirani yangu Papa Kalonji alikuwa anapakua ngazi zake. Papa Kalonji ni mtu wa Bukavu, kazi yake kupaka rangi nyumba za watu, na ana gari kubwa la kazi lenye madoa ya kila rangi iliyowahi kuuzwa katika jimbo la Virginia. Aliliangalia gari langu linavyochuruzika maji, akaangalia mbingu, akasema taratibu, "Papa Swaleh, mu baridi ya hivi hatuoshake motokari."

Akanieleza kwamba usiku ule baridi itashuka vibaya, na kwamba maji yaliyobaki kwenye mipira yataganda na mlango utashikana na gari kama kitu kimoja. Alinambia nichukue kitambaa kikavu nifute mpira wote, juu mpaka chini, halafu niupake silikoni, siyo mafuta ya kupikia kwa sababu hayo hulainisha mpira ukaoza, na akatoa chupa ndogo kwenye mfuko wa koti lake akaninyooshea. Kazi ya robo saa. Nami nikamjibu kwamba nimemaliza baridi kumi na mbili nchi hii na sijawahi kupaka mlango dawa. Nilisema kwa upole, lakini nilisema. Akairudisha chupa mfukoni, akanitakia usiku mwema.

Asubuhi nilishuka saa mbili kamili, nimeshavaa, kanzu, kofia, koti, viatu vimepigwa rangi, nia yangu niliwashe gari lipate joto kabla ya wazee. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Gari lilikuwa zuri sana. Lilikuwa limevikwa utando mwembamba wa barafu unaometa, na nikasimama kidogo kulitazama kabla sijashika mkono wa mlango wa dereva nikavuta. Haukutikisika. Nikavuta tena. Nikaweka mguu mmoja kwenye ubavu wa gari nikavuta kwa uzito wangu wote, na nikajikuta nimekaa chini kwenye theluji na mkono wa mlango nimeushika mimi, gari halinao.

Nikajaribu milango mingine, yote kimya. Mlango wa buti peke yake ndio ulioitika. Basi nikainua kanzu, nikaingia kwa buti, nikapanda mgongo wa kiti cha nyuma, nikapita katikati ya viti vya mbele, nikafika kwenye usukani ninahema kama niliyetoka Mombasa kwa miguu. Nikawasha gari, nikawasha hita. Nikavuta mkono wa ndani wa mlango, nikasikia waya umekatika mahali, mkono ukalegea kama jino bovu. Hapo mtu mwenye akili angetulia dakika ishirini hita ifanye kazi yake. Mimi nikaona nishushe kioo kidogo nijue kama kimegandana. Nikabonyeza swichi. Mota ikanguruma, kioo hakikwenda. Nikabonyeza tena, nikashikilia. Kukatoka mlio ndani ya mlango kama mtu anayevunja kuni kavu, na kioo chote kikaporomoka ndani ya mlango, kikatoweka, na baridi ikanipokea usoni. Nilibonyeza kukipandisha mara nyingi, ila nilikuwa najua hakirudi.

Nikatoka kwa njia niliyoingilia, nikapanda nyumbani, nikateremka na birika la maji ya moto. Papa Kalonji alikuwa ndiyo anatoka kwenda kazini kwake, akaniona nimeliinua birika, akaja mbio akanishika mkono, akasema nikimwagia kioo maji ya moto kwenye baridi ile kitapasuka vipande. Nikamsikiliza nusu. Sikumwagia kioo, nikamwagia ukingo wa mlango wa nyuma ulio upande wa dereva, nikavuta. Ukafunguka. Ukafunguka pamoja na kipande kirefu cha mpira kilichokataa kuachana na gari, kikachanika na kubaki kinaning'inia hadi chini. Na yale maji ya moto, ambayo sasa hayakuwa ya moto tena, yalikuwa yametiririka mpaka kwenye komeo yakagandia humo, kwa hiyo mlango ulioshindwa kufunguka sasa ukashindwa kufungika. Ukiusukuma unarudi.

Saa ilikuwa tatu kasorobo. Gari la pili mke wangu alikuwa nalo kazini (ni muuguzi, na zamu ya Jumamosi haisubiri posa ya mtu). Papa Kalonji alitazama mlango, akatazama dirisha lisilo na kioo, akanitazama mimi na magoti yenye theluji. Hakunikumbusha ya jana. Alisema tu, "Mupande mu kamionete yangu. Nitabafikisha, halafu niende kazi."

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu ya gari ni ajali lakini hili halikuwa ajali. Gari lake lilikuwa zima. Milango ilifunguka na kufungika, hita ilikuwa inawaka, ndani kulikuwa na viti vya kutosha. Nami nikayaangalia yale madoa ubavuni, ya manjano, ya buluu, na ile ngazi juu, nikamwona Mzee Athumani asiye na mchezo amesimama mlangoni kwake akitutazama tunashuka humo, nikamshukuru Papa Kalonji nikamwambia tutajimudu.

Wazee walipokuja sikuwaeleza mengi. Nilisema kuna hitilafu ndogo. Nilikuwa nimeliziba dirisha kwa mfuko wa taka na tepu, nikawaingiza kwa mlango wa nyuma, Mzee Haroub akatangulia akasogea mpaka dirisha la pili, Shangazi akakaa upande wa mlango uliokataa kufunga. Shangazi alikuwa na leso begani (kanga, kwa wasio wa Mombasa). Akaniuliza mlango unashikwa na nini, nikatafuta kamba nisiione, mwisho nikamwomba leso. Leso ile ilikuwa ya marehemu mamake, na alikuwa ameitoa sandukuni kwa ajili ya siku hiyo. Akanipa. Nikaipitisha kwenye mkono wa ndani wa mlango, nikaizungusha kwenye kiti changu, nikapiga fundo, nikapiga la pili juu yake. Kisha mimi mwenyewe nikaingilia buti, nikiomba radhi nikiwapita.

Tepu haishiki kwenye baridi. Hilo nililijua tulipoingia Beltway, ile barabara kuu ya mzunguko, mfuko ulipoanza kupiga kelele sikioni mwangu, pwa pwa pwa, kisha ukang'oka nikauona kwenye kioo cha nyuma ukiruka juu ya malori. Kuanzia hapo upepo ulikuwa wetu. Mimi ulinipata shavu la kushoto tu, lakini dirisha la mbele likiwa wazi upepo hauishii kwa dereva, hupita ukampige aliye nyuma, na nyuma yangu alikuwa shangazi yangu, na pembeni yake mzee wa miaka sabini na kitu. Mlango nao ulikuwa unapumua, ukifunguka upana wa vidole viwili na kurudi, na kila lori likipita linaturushia maji ya theluji kwa upenyo ule, yakiishia kwenye leso. Niliendesha polepole, jambo lililoongeza muda. Juu ya daraja la Potomac nilimtazama Mzee Haroub kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho, kilemba amekishusha mpaka puani, midomo inakwenda, anasoma. Shangazi alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

Tulifika saa tano kasorobo. Mzee Athumani alikuwa amesimama nje ya nyumba yake na ndugu zake wawili na vijana wa nyumba, wamevaa vizuri, wamechelewa kunywa chai kwa ajili yetu. Nikasimamisha gari. Mzee Athumani akaja mpaka kwenye dirisha langu, akatoa salamu, akanyoosha mkono ndani (hakukuwa na kioo cha kumzuia), nikaupokea. Akasema karibuni, shukeni. Nikasema ahsante.

Hatukushuka. Mlango wangu hauna mkono nje wala ndani. Milango ya kulia bado ilikuwa imegandana, joto lote la hita likiwa limetokea dirishani. Nikageuka kumwambia Shangazi afungue leso, naye akanambia kwa sauti ya chini kwamba anajaribu tangu tulipoingia mtaa huu. Leso ilikuwa imelowa maji ya barabarani na mafundo yamekazwa na mlango kwa muda wote ule, na sasa yalikuwa yamekuwa jiwe.

Ningeweza kumweleza yule mzee. Maneno matatu yangetosha. Lakini mdomo ulikuwa hauna hisia, na nilikuwa mshenga, na mshenga haanzi kwa kuomba msaada, kwa hiyo nikasema "nakuja," nikabonyeza kitufe cha buti, nikaondoka kwenye dirisha alikosimama mwenye nyumba nikarudi nyuma kama mtu aliyevutwa na kitu. Nikapita katikati ya viti. Tumbo likakwama, likakwamuka. Nikapita kati ya Shangazi na Mzee Haroub, ambaye alifungua macho, akaniona nilipofikia, akayafumba tena. Nikapanda mgongo wa kiti, nikateremkia upande wa pili kwa magoti, na magoti yakatua juu ya sinia ya halwa tuliyoipakia humo asubuhi.

Halwa ile aliipika Mzee Haroub mwenyewe, siku mbili, kwa ajili ya watu wale. Ilikuwa ngumu juu kwa baridi na laini chini, na goti likiingia halitoki upesi. Nikageuka, nikatoa miguu kwanza, kanzu ikabaki juu, mimi nikaenda chini. Nikasimama kwenye theluji mbele ya ukoo mzima wa Mzee Athumani, halwa kwenye magoti yote mawili, kofia imebaki garini, na kijana mmoja ameshika simu. Mtoto mdogo alimuuliza mamake kwa Kiingereza kama wageni wengine nao watatokea pale pale. Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka ingekuwa nafuu.

Nikaona nisimalize aibu bila kufanya kazi iliyonileta. Nikanyoosha kanzu, nikatoa salamu upya, na kwa kuwa taya zilikuwa zimeganda na yale mafumbo yangu yote ya wiki nzima yalikuwa yamepeperuka pamoja na mfuko wa taka, nikaruka moja kwa moja mpaka mwisho wa hotuba, huku natetemeka meno yakigongana.

"Tumekuja kuomba jiko."

Mnajua maana yake. Kwetu kuomba jiko ni kuomba mke, kila mtu pale alijua. Lakini mke wa Mzee Athumani, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alinitazama kuanzia kichwani mpaka magotini, akaja akanishika kiwiko.

"Jiko lipo, baba," akasema. "Njoo uote moto."

Akanichukua ndani mpaka jikoni, akaniketisha kando ya oveni akaifungua mlango, akanipa chai ya tangawizi, na akaanza kunifuta magoti kwa kitambaa cha vyombo kama mtoto. Mpaka leo sijui kama alikuwa anafanya mzaha. Kutoka nje nikawasikia wanaume, mmoja alianza kukohoa, mwingine akafuata, kisha wakaachia vicheko kama watu waliobanwa muda mrefu, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mzee Athumani.

Yaliyotokea nje sikuyaona, niliambiwa. Vijana walitaka kuikata leso kwa kisu wazee washuke. Shangazi akakataa. Mzee Athumani akamsihi, akamwambia atapata ugonjwa, Shangazi akasema atakaa humo mpaka majira ya joto lakini leso ya mamake haikatwi. Wakiwa wanashauriana, mlango wa nyumba ukafunguka akatoka Zaina, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe, amejifunga mtandio juu ya koti la mamake, mkononi ana mashine ya kukaushia nywele na waya mrefu unaomfuata kutoka ndani. Akawapita baba zake. Akapiga magoti kwenye theluji kando ya mlango uliokuwa wazi vidole viwili, akaingiza pua ya mashine pale kwenye upenyo, akamwambia Shangazi, kwa Kiswahili kilichokuwa kinajikwaa kidogo, "Sikati. Napasha moto tu, pole pole, itafunguka yenyewe."

Ilichukua kama robo saa. Vijana walimsogezea Mzee Haroub blanketi na chai kupitia dirishani, na Shangazi na Zaina wakabaki na fundo lao. Shangazi alinisimulia baadaye kwamba Zaina alimuuliza leso ni ya nani, naye akamweleza, kisha akamuuliza mamake alikuwa mtu gani, swali ambalo Shangazi alisema hakuna mtoto aliyemuuliza tangu aje nchi hii, wakiwemo wa kwake. Zaina alipokosa neno alilisema kwa Kiingereza na Shangazi akampa la Kiswahili, akalirudia. Fundo la pili lilipolegea Shangazi alilifungua mwenyewe, akaikamua leso, na badala ya kuivaa akamfunika nayo yule msichana mabega, maana alikuwa anatetemeka.

Nilipotoka jikoni nimekauka, nikawakuta wote wamekaa sebuleni, Shangazi na Zaina kwenye kiti kimoja. Nikakaa karibu nao, nikakohoa nianze hotuba yangu kwa utaratibu wake. Shangazi akanikanyaga mguu. Nikaanza kugeuza maneno, kusema tumekuja kujuliana hali, akanikanyaga tena kwa nguvu zaidi, na nikachelewa kuelewa kwamba alikuwa ananiambia ninyamaze, kwa sababu mambo yalikuwa yamekwisha kusemwa na nisingeweza kuyaongezea kitu ila kuyaharibu. Mzee Athumani akasema amesikia, na kwamba atatoa jibu baada ya kushauriana na watu wake, kama desturi. Halwa ililiwa, pale pasipoguswa na goti.

Wazee hawakurudi na mimi. Mzee Athumani aliwarudisha kwa gari lake mwenyewe. Mimi nilifuata nyuma yao peke yangu, dirisha limezibwa vizuri na vijana wa nyumba ile, mlango umefungwa kwa kamba ya kweli, na nikapata muda wa kufikiri.

Nilichofikiri siyo buti, ni lile gari la Papa Kalonji nililolikataa. Mzee Haroub alilala kwa kifua wiki mbili. Nilikwenda kumtazama kila jioni na mchuzi wa kuku, naye kila nikianza kuomba radhi hubadilisha mazungumzo akaniuliza habari za kazini. Shangazi ndiye aliyelisema, siku moja tukitoka pale, nilipokwisha kumweleza habari ya gari lile, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Uliona haya kwa watu usiowajua," akasema. "Sisi uliotupakia hukutuonea haya."

Jibu la Mzee Athumani lilikuja kwa simu siku ya tisa. Wamekubali. Alikuwa na sharti moja tu, akasema, tena si lake ni la mama Zaina: siku ya harusi mshenga asiendeshe gari lolote litakalobeba mtu wa upande wao. Nikamwambia ni haki yao. Harusi ilikuwa ya mwezi wa sita, jua kali, milango yote ya gari wazi, na mimi nilipelekwa na kurudishwa.

Siku hizi ikifika Novemba nafuta mipira ya milango yangu kwa kitambaa kikavu, naipaka silikoni, na kioo kikigandana sibonyezi swichi, nakaa kitako nasubiri hita hata kama ni nusu saa. Gari likichafuka kwa chumvi huliacha lichafuke mpaka baridi ilegee. Haya mtu yeyote anaweza kujifunza bila kwenda Upper Marlboro. Lakini nimeweka pia nadhiri, na hii naisema mbele yenu nyote muwe mashahidi, kwamba sitakubali tena kuwa mshenga wa mtu, hata aje kunibembeleza vipi. Mwaka wa tatu sasa. Hajatokea aliyeniomba.